Shajara ya msimu: mpira wa kikapu wa wanawake chuoni kwetu, Mbeya

Novemba, wiki ya kwanza

Mwalimu, yaani kocha wetu, kanikabidhi kaunta buku la kwaya tatu na filimbi inayokwaruza, akasema, "Goti lako limegoma, mwanangu, basi mkono uandike." Ndiyo cheo changu: meneja wa timu. Mwaka jana nilicheza na jezi namba 6 mpaka siku niliyoruka kuchukua ribaundi (mpira uliokosa golini ukarudi) nikatua vibaya. Hakuna aliyenigusa. Goti liliingia ndani lenyewe, nikasikia mlio kama wa njugu inayopasuliwa. Baadaye nikaambiwa wanawake tunaumia magoti hivi kuliko wanaume wanaocheza mchezo huohuo, na kutua magoti yakiwa yameelekeana kunachangia. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu: KILA ZOEZI LIANZE NA KUTUA.

Waliofika siku ya kwanza ni 19. Nimewauliza mmoja mmoja wametokea mchezo gani. Wawili tu waliwahi kucheza kikapu shuleni. Kumi na nne ni watu wa netiboli, wengine wamefika nayo UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Watatu hawajawahi kucheza chochote. Mmoja wao, binti wa Rungwe, kaletwa na mwenzake wa chumbani kwa sababu ni mrefu. Amesimama pembeni dakika ishirini akijifanya anasoma simu.

Humu nitawaita kwa namba za jezi, maana daftari linapita mikononi mwa wengi. Jezi zetu ni za 4 mpaka 15, za enzi zile kanuni za kimataifa zilipotaka hivyo ili mwamuzi aonyeshe namba kwa vidole bila kuzichanganya na ishara za pointi moja, mbili na tatu. Kanuni ililegezwa zamani, jezi zetu hazina habari. Namba 13 haipo. Inasemekana ilihitimu pamoja na mwenyewe.

Uwanja: sakafu moja ya zege nyuma ya bwalo, mistari imefutika. Nimeazima futi kwa vijana wa ujenzi tukapima. Ringi ya upande wa barabara iko mita 3.05, sawasawa. Ya upande wa bwenini iko 2.97, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuongeza tabaka la zege pale bila kukumbuka kwamba nguzo haikui. Sasa najua kwa nini mwaka jana wote tulikuwa "mafundi" upande ule.

Novemba, wiki ya pili

Mpira anapewa namba 7, nahodha wetu mpya, mlinzi wa netiboli tangu darasa la tano. Anaudaka vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumwona chuoni hapa. Anasimama. Anaangalia kushoto, kulia, anatoa pasi kali ya kifuani. Mbele yake kulikuwa na nafasi ya kupita lori. "Dunda!" tunapiga kelele. "Nimeshatoa," anajibu, kana kwamba tumemuuliza kama amekula.

Ndivyo walivyo wote kumi na wanne, maana netiboli haina kwenda ukidunda. Netiboli ni mtoto wa kikapu. James Naismith alibuni kikapu kule Springfield, Marekani, mwaka 1891, na mwaka uliofuata Senda Berenson akawafundisha wasichana wa chuo cha Smith kwa kanuni alizozilegeza: uwanja umegawanywa sehemu, mchezaji hatoki kwenye sehemu yake, haruhusiwi kumpokonya mwenzake mpira. Mchezo wa wanawake ulipofika Uingereza ukabadilika zaidi mpaka ukawa netiboli, nao Waingereza wakauleta kwenye shule zetu. Kwa hiyo uhuru walionyimwa mabinti zama zile ndio kisima ninachotaka hawa wachote alfajiri, wakiwa wamevaa sweta.

Novemba, wiki ya nne

Ratiba. Jioni saa 10 mpaka saa 12 uwanja ni wa kaka zetu, kila siku isipokuwa Jumapili. Niliandika barua kwa Waziri wa Michezo wa serikali ya wanafunzi. Alinijibu kwa heshima kubwa kwamba suala letu "linafanyiwa kazi". Naye anacheza timu ya kaka zetu, senta.

Tumechukua alfajiri, saa 11:30. Anayejua Mbeya anajua maana yake. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mlima wa Loleza unakaa mgongoni na ukungu wake, na zege la alfajiri linakuwa na utelezi kama sabuni. Tunaanza kwa kukwangua maji kwa skwiza mbili tulizoazima bwaloni. Mama wa bwaloni anatuachia ndoo ya chai ya tangawizi, tena anakataa nimlipe. Shikamoo yake tunaitoa kwa pamoja, timu nzima, na hujibu "marahaba wanangu" bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

Waliobaki ni 13. Sita waliondoka bila kuaga; baridi iliwaaga kwa niaba yao. Binti wa Rungwe yupo. Kapewa jezi namba 15.

Desemba

Mechi ya kwanza ya kirafiki, na timu ya mjini. Tumefungwa 51 kwa 17.

Kabla ya kuanza, mwamuzi alimwambia namba 9 avue hijabu. Mwalimu hakupandisha sauti. Alitoa simu, akamwonyesha kanuni: vazi la kichwa limeruhusiwa rasmi tangu Oktoba 2017, mradi lisimfunike uso na lisiwe na kitu cha kumuumiza mtu. Mwamuzi akasoma mpaka mwisho, akasema "haya, Mama", tukaanza. Namba 9 alifunga pointi 6 kati ya zile 17.

Sasa kazi yangu. Nilihesabu kila mpira tulioupoteza bila kurusha golini. Benchi wanaita "sadaka", na jina limeshika. Tumetoa sadaka 43. Usiku nikazichambua:

trevo (kutembea na mpira bila kudunda) 14
kudunda mara mbili 6
pasi iliyochukuliwa 17
nyinginezo 6

Kilichonishtua ni zile trevo. Kati ya 14, kumi na moja zilitokea mtu alipokuwa ndiyo kwanza anataka kuanza kudunda. Anadaka, anasimama kinetiboli, anaamua kwenda, mguu wa egemeo unanyanyuka kabla mpira haujaachia mkono. Filimbi. Hawashindwi kudunda. Wanashindwa kuanza.

Nikampelekea Mwalimu hesabu hii nikiwa na pendekezo langu tayari: Januari yote tufundishe kudunda, watu wote, mpaka vidole vipate sugu. Alisoma taratibu (hufundisha hesabu sekondari, hupenda jedwali), kisha akakataa. "Hawa wamekaa miaka sita wakijua kwamba mpira ukikaa mkononi sekunde tatu ni kosa. Unataka niifute kwa miezi mitano? Na wakishajifunza nusu, watakuwa wadundaji wabovu waliosahau kutoa pasi."

Mpango wake: namba 4 na namba 10, wale wawili wa kikapu, ndio wadunde. Wengine wote wacheze kwa pasi na kukimbilia nafasi. Wafundishwe kitu kimoja tu cha kudunda: kuanza.

Sikukubali. Naandika hapa ili ikifika Mei isionekane nilikuwa upande wake tangu mwanzo.

Januari, wiki ya pili

Mipira! Dada mmoja aliyehitimu, yuko Dar, katuma minne mipya kwa basi, saizi 6. Tangu Novemba tulikuwa tunatumia ya kaka zetu, saizi 7, mzingo wa sentimita 75 na zaidi. Ya wanawake ni 72 mpaka 73. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uone kiganja cha namba 8.

Nilikwenda kuichukua stendi. Kuidundisha tu, iliruka mpaka kidevuni. Imekuwa migumu kama viazi vibichi. Namba 10 alidaka mmoja, kidole gumba kikateguka kidogo. Wenzangu wakasema ni bidhaa feki. Si feki. Ilijazwa upepo pwani, kule hewa ya nje inasukuma kwa nguvu zaidi, ikasafiri kilomita zaidi ya 800 kuja mlimani ambako hewa ni nyepesi. Upepo wa ndani ni uleule, wa nje umepungua, mpira unavimba. Tukatoa upepo kidogo kwa sindano ya pampu, ikatulia. Namba 11 anasoma fizikia na alieleza haya yote vizuri kuliko nilivyoandika, ila aliyaeleza baada ya kidole kuteguka.

Sindano ya pampu ipo moja. Nimeifunga kwa uzi mwekundu.

Januari, wiki ya nne

Zoezi la kuanza. Mwalimu kalifanya wimbo: "Mpira kwanza, mguu baadaye." Wanasimama mstari mmoja, wanadaka, wanasema kwa sauti, wanasukuma mpira chini mbele yao, ndipo mguu unanyanyuka. Mara hamsini kila alfajiri. Watu wa bwenini wamelalamika kuhusu kelele. Msichana mmoja alifungua dirisha akaimba nasi kwa kejeli, na sasa anaimba kila siku, nadhani bila kujijua.

Mechi ya kirafiki ya pili: 44 kwa 28, tumefungwa. Sadaka 34. Trevo 7.

Februari

Mitihani. Hakuna mazoezi, hakuna maandishi.

Machi, wiki ya kwanza

Matokeo yametoka. Wawili wana sapu, yaani mtihani wa marudio, mmoja wao namba 5, ambaye ni mkabaji wetu bora. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia alete daftari lake la takwimu uwanjani, na wakati wenzake wanapasha misuli, wao wawili wanakaa kwenye ngazi ya bwalo wakipigana na mtawanyo wa kawaida. Nilitamani kuuliza kama na mimi naruhusiwa kusikiliza.

Mvua haiachi. Wiki hii tumefanya mazoezi mara mbili tu kati ya tano. Siku moja tulijibanza barazani, na namba 15 akawafundisha wenzake kusalimiana Kinyakyusa. Sasa timu nzima inaingia uwanjani na "ugonile". Namba 12 ni Mmasai wa Longido, anaitikia kwa lafudhi ambayo Tukuyu hawajawahi kuisikia.

Huyo namba 15 namwandika peke yake, maana ananifurahisha. Hana tabia ya netiboli ya kumwondoa wala ya kikapu ya kurekebisha. Ukimwambia "simama hapa, mikono juu", anasimama hapo, mikono juu. Tukimtania kwa Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, anauliza, "Naye alianza ukubwani?" Nikamjibu kwamba kikapu alianza akiwa kijana tayari. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kusimama pale pale.

Machi, wiki ya nne

Andika tarehe hii kwa wino usiofutika: tumeshinda. 37 kwa 35, na timu ileile ya mjini iliyotufunga 51.

Robo ya tatu walikuja na presi, yaani kutubana uwanja mzima, wakijua hatudundi. Mwezi Desemba presi hii ndiyo ilituua. Leo namba 4 alipobanwa hakuhangaika kuwapita watu; alitoa pasi kwa namba 7, ambaye alikuwa ameshamtoroka mkabaji wake. Namba 7 kwa 9, 9 kwa 14, mpira haukugusa chini hata mara moja, na sekunde nane za kuvuka nusu hazikukaribia kuisha. Netiboli tupu. Wale mabinti wa mjini walikuwa wakimfukuza mpira kama watoto wanaomfukuza kuku wa sikukuu.

Sadaka 26. Mwalimu alinitazama, hakusema kitu. Haya, Mwalimu. Nimeandika.

Aprili

Pesa. Mashindano ya vyuo vya kanda ni Iringa, Mei. Chuo kitatoa gari, mafuta tujitegemee nusu. Bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) la robo hii halijaingia, kwa hiyo kuchangishana ni kuchangishana umaskini. Tumekaanga maandazi wikendi tatu. Namba 8 kumbe ana mkono wa biashara: akaanza kuuza maandazi na parachichi, pakiti moja, kwa kaka zetu wakitoka mazoezini jioni, wakiwa na njaa isiyouliza bei. Kwa maneno mengine, uwanja wa jioni umetulipia nusu ya mafuta. Waziri wa Michezo ndiye mteja mkubwa.

Bukta: za timu ni nyeupe. Wachezaji wamekataa kwa kauli moja kuzivaa siku tatu mfululizo, na sababu kila mwanamke anayesoma hapa anaijua. Mwenye stoo, mwanaume, aliniuliza mara mbili "kwani nyeupe ina shida gani?" Mara ya tatu nilimjibu kwa lugha nyepesi. Tumepata nyeusi siku hiyohiyo.

Mei, Iringa, siku ya kusafiri

Coaster iliondoka saa 11 alfajiri. Uyole, Igurusi, Chimala, mashamba ya mpunga yakiwa ya dhahabu chini ya milima, kisha Makambako na upepo wake, Mafinga na misitu ya mipaini. Namba 11 alitapika mara mbili. Ipogolo tukaanza kupanda kwenda mjini, gari likilia, na mabinti wakaimba "mpira kwanza, mguu baadaye" mpaka dereva akaomba wabadilishe.

Mwenye nyumba ya kulala wageni alitupokea kwa "kamwene". Namba 15 akamjibu "ugonile", wakacheka wote wawili kama jamaa waliopotezana.

Siku ya kwanza

Tumeshinda 36–31. Sadaka 19, ya chini kabisa tangu nianze kuandika. Nililala nikijiona mtaalamu.

Siku ya pili

Tumefungwa 42–47. Sadaka 17.

Soma tena: 17. Tumepunguza hata ya jana, na tumefungwa. Walikuwa na msichana mmoja, mfupi, amesuka mabutu, anasimama nje ya mstari wa mita 6.75 kama mtu anayesubiri daladala. Alifunga mitupo mitano ya pointi tatu. Pointi 15 peke yake, nasi tumefungwa kwa 5. Kila aliporusha kulikuwa na mtu wetu mbele yake, mikono juu, kasimama vizuri. Mimi benchi nilikuwa nikisema "bahati hiyo, bahati hiyo".

Usiku namba 7 alikuja chumbani akakaa kitandani kwangu. Akasema, "Dada, nilikuwa namkaba kihalali kabisa." Kihalali vipi? Akanyoosha mkono wake kunionyesha umbali. Nikaelewa, nikaona aibu.

Netiboli inamtaka mkabaji akae sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira. Ukisogea ndani ya hapo ni kosa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Miaka sita ya kupigiwa filimbi imewafundisha miguu yao kusimama pale, na miguu haikuambiwa kwamba tumehama mchezo. Tangu Novemba nimehesabu wanavyofanya tukiwa na mpira. Tusipokuwa nao sikuandika hata mstari mmoja. Kurasa zote hizi, na hakuna safu ya ukabaji.

Nilimwamsha Mwalimu. Alisikiliza akiwa amejifunga kitenge, akasema, "Na mimi sikuona." Kisha akaomba chaki.

Siku ya tatu

Saa 12 asubuhi, kwenye maegesho ya nyumba ya wageni. Mwalimu kachora mstari, kawapanga wawili wawili. Neno la leo ni moja: "Gusa." Ukimfikia mwenye mpira, kiganja chako kiwe karibu na mpira kiasi kwamba angeweza kukigusa. Namba 14 alikuwa anacheka kwa haya, kila akisogea anarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeingia chumba cha wakwe. Zimebaki saa tatu tu kabla ya mechi. Si mazoezi, ni sala.

Tumeshinda 39–36, lakini kwa gharama. Ukimsogeza mtu aliyezoea kukaa mbali, hajui breki iko wapi. Kila robo tulimaliza faulo zetu nne za timu mapema, wapinzani wakawa wanakwenda mstari wa mitupo huru kama wanakwenda dukani. Namba 7 alitolewa kwa faulo tano zikiwa zimebaki dakika sita. Akakaa karibu nami, taulo kichwani. Baada ya muda akasema, "Angalau nimemgusa."

Namba 15 ndiye aliyedaka ribaundi ya mwisho. Alisimama hapo, mikono juu.

Sadaka 21. Faulo 24. Hii ya pili nimeianzishia safu leo, kwa penseli.

Tumeshika nafasi ya pili kati ya timu nne. Anayesonga mbele ni mmoja, yule mwenye mabutu na wenzake.

Juni, makabidhiano

Stoo, mbele ya mwenye stoo, vimerudishwa: mipira minne saizi 6, miwili saizi 7 iliyochoka. Jezi 11, ya namba 10 ina mchaniko ubavuni. Bukta nyeusi 12. Filimbi moja, inakwaruza.

Barua mbili zimepelekwa. Ya kwanza, ringi ya upande wa bwenini inyanyuliwe sentimita 8. Ya pili, siku mbili za uwanja jioni kuanzia Novemba. Waziri wa Michezo amemaliza muda wake. Mpya bado hajaapishwa, lakini namba 8 amechukua fomu.

Daftari linakwenda kwa namba 9, atakayekuwa meneja mdogo huku akiendelea kucheza. Nimempigia mistari kurasa ishirini za mbele: sadaka, faulo, na safu ya tatu niliyoiita "umbali", ambayo hatujakubaliana itapimwaje. Yeye anasema kwa hatua, mimi nasema kwa mkono.

Sindano ya pampu haijulikani ilipo. Namba 11 anasema mara ya mwisho nilikuwa nayo mimi.